Mwaka wa Rubabu za Mama Mkwe

Kwenye mazishi ya mama mkwe wangu mwezi uliopita, mchungaji alisimama kando ya kaburi akasema kwamba marehemu alizitunza rubabu zake kwa mikono yake mwenyewe tangu usichana hadi siku alipofumba macho. Watu wakaitikia amina. Mimi nikajifunika leso mdomoni, na wifi yangu aliyekuwa karibu akadhani nalia, akanishika bega. Nilikuwa nacheka. Nilimpenda yule mama na nimemlilia vya kutosha, lakini ukweli usemwe: kama si mimi Nafula, mtoto wa reli kutoka Voi, zile rubabu zingeoza zote mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na alilisema mbele za watu. Mchungaji ni kijana, amehamishiwa kwetu juzi kutoka Taveta, simlaumu. Ila mimi niko hai na mdomo ninao, kwa hivyo wacha niseme.

Kwa asiyeijua, rubabu ni mmea wa majani mapana, kila jani upana wa sinia, lililobebwa na bua refu jekundu linaloliwa. Bua hilo ni chachu kupita ndimu. Ukilitafuna mbichi unakunja uso, lakini ukilipika na sukari linalainika na kutoa rangi na harufu ambayo hutaisahau. Mmea huu hautaki joto. Kule kwetu Voi ungekauka ndani ya wiki, lakini juu milimani, kupita Wundanyi, ambako ukungu huingia hadi ndani ya nyumba na nguo hukaa siku tatu kwenye kamba, unastawi vizuri. Mama mkwe alipewa mche na mwalimu mmoja wa misheni ambaye yeye aliwahi kumfanyia kazi ya upishi, na mwaka ule alikuwa nayo mashina sita nyuma ya jiko, yamezungushiwa ua wa fito. Kijiji kizima hapakuwa na mwingine mwenye rubabu. Alipika jamu, akatuwekea kwenye uji wa wimbi badala ya ndimu, na wageni wa kanisa walipofika walipewa jamu hiyo ndani ya chapati nyembamba, wakasifu wee, wakaomba mche. Akawa anatabasamu na kuwaongeza chai. Mche hakumpa mtu.

Mimi nilifikaje huko? Mwadime, mume wangu, alikuwa stoo ya reli pale Voi, na baba yangu alikuwa nyapara wa genge la njia, wale wanaume wa kupiga sururu na kumwaga kokoto chini ya reli. Tulipendana, tukataka kuoana, basi. Lakini nyumbani kwa kina Mwadime kulikuwa na utaratibu wao. Msichana anakuja kukaa na mama mwaka mmoja kwanza, analima naye, anapika naye, na siku mama atakaposema "twendeni kwao" ndipo wazee wanafunga safari kwenda kwa wazazi wa msichana. Mama asiposema, hakuna safari, na msichana anarudi kwao na begi lake. Baba yangu alikuwa ameshawatangazia majirani wote wa kwota, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kwamba wakwe wanakuja kutoka milimani. Kila Mwadime alipopita pale alimwuliza swali moja tu: "Lini?" Mwadime akijibu kwamba bado, baba alikuwa anavaa kofia yake na kutoka nje. Nilijua kwamba nikirudishwa, yeye ndiye atakayeshindwa kutazama watu usoni.

Nililala kwenye kichumba kilichoshikana na jiko. Ukuta ulikuwa wa udongo, mwembamba, umekula moshi hadi ukawa mweusi unaong'aa, na juu kwenye dari kulikuwa na mahindi ya mbegu yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake. Kitanda kilikuwa kifupi, nikakunja miguu mwaka mzima. Lakini kichumba kile kilikuwa na faida yake: kila neno lililosemwa jikoni lilinifikia. Na walizungumza bila wasiwasi kwa sababu waliamini sielewi Kidawida, lugha ya Wataita. Nani aliwaambia? Mimi nimesoma na Wataita Voi tangu darasa la kwanza, nimetukanwa nao na nikawatukana, Kidawida nakisikia chote ingawa ulimi hauendi vizuri. Kwa hivyo asubuhi za baridi, mashangazi wawili wa Mwadime walipokuja kuota moto, Shangazi Wakesho na Shangazi Mghoi, nilikuwa nimejifunika blanketi nasikiliza hukumu yangu.

"Mtoto wa reli," Shangazi Wakesho alisema siku moja, "anajua nini? Wale hata kitunguu wananunua."

"Mikono ni laini," Shangazi Mghoi akaongeza. "Umeona anavyoshika jembe? Anashika kama mwiko."

Nikamsikia mama mkwe akipuliza moto. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nikasogeza sikio ukutani.

"Tutaona," akasema.

Hilo tu. Hakunitetea, hakunitupa. Nikaapa pale pale kitandani kwamba wataona kweli, na kwamba Shangazi Wakesho atakuwa wa kwanza.

Nikajituma. Nilibeba samadi ya ng'ombe kutoka zizini hadi kwenye ua wa rubabu, karai kwa karai, na mama mkwe akanielekeza akiwa nje ya ua mwenyewe, mikono kiunoni. Aliniruhusu kuimwaga pembeni, nisiguse shina. Baada ya miezi miwili akaniruhusu kupalilia. Baada ya miezi mitatu akanifundisha kuvuna. "Usikate na kisu," akasema. "Ukikata, kidonda kinaingia maji. Shika chini kabisa, zungusha, vuta." Nikavuta, likatoka lote na kale kasauti kake kadogo, kweche, naye akatikisa kichwa kidogo kukubali. Mimi nilichukua kile kitikisiko nikakihesabu kuwa cheti. Likitokea bua la maua nilivunja haraka kabla halijanyonya nguvu ya shina. Yote hayo alinifundisha. Jambo moja hakunifundisha, na hilo moja ndilo lililotaka kunimaliza.

Kila tulipovuna, mama mkwe alikata majani yote na kuyatupa kwenye shimo la takataka. Jamani! Mimi ni Mluhya. Kwetu jani halitupwi. Mama yangu alipanda kunde na mrenda kwenye kipande cha ardhi kisichotosha hata kutandika mkeka, kando ya njia ya reli, na alitulea kwa majani hayo. Kuona majani mapana, mororo, mabichi yakirundikwa shimoni kila wiki kulinichoma roho. Sikuuliza kwa nini. Niliona ni maringo ya mtu aliyezoea kushiba, na, niseme ukweli wangu wote, nilifurahi kidogo kuona kwamba kuna jambo la mboga ninalolijua kuliko wao.

Basi Jumamosi moja mama mkwe akaenda mkutano wa akina mama kanisani, na mashangazi wakaja bila taarifa, wakakaa, wakasema wana njaa. Jikoni palikuwa na unga na maziwa tu. Sukuma ilikuwa imeshaisha. Nikaona bahati yangu imefika. Nikaingia uani, nikachuma majani machanga ya rubabu, nikayakatakata membamba, nikayachemsha na munyu, ile chumvi ya maji tunayochuja kwenye jivu la maganda ya maharagwe, kisha nikamwagia maziwa na kuacha yatokote taratibu. Munyu ule mama yangu alinifungia kwenye chupa nilipoondoka Voi. Nikasonga ugali mgumu, nikaweka mezani, nikakaa nao tukala.

"Ala!" Shangazi Mghoi akasema. "Msichana huyu anajua mboga."

"Mboga gani hii?" Shangazi Wakesho akauliza, tayari akiongeza.

"Ya kwetu," nikajibu, na kichwa kilikuwa kimevimba hata nashangaa nilipitaje mlangoni baadaye.

Haikupita muda mrefu. Kwanza midomo ikaanza kuwasha, halafu koo likawaka, halafu tumbo. Shangazi Mghoi alitoka mbio akatapika kwenye maua. Mimi nilikuwa nimejikunja chini jikoni nikiwa na jasho jembamba, na Shangazi Wakesho analia, "Woi, ametuua! Mtoto wa reli ametuua!" Mama mkwe alirudi akatukuta hivyo. Akafunua sufuria, akatazama ndani, akashika kichwa. Majani ya rubabu ni sumu. Mabua yanaliwa, majani hayaliwi kamwe, na nimesikia baadaye kwamba munyu wangu uliongeza ukali wake. Aliwaita majirani, wakatubeba wote watatu hadi zahanati, tukapewa maji ya mshipa na tukalala huko siku mbili. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Lakini niliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa amenyamaza.

Simaanishi alinuna. Alinyamaza kabisa. Aliweka chakula changu mezani na kuondoka. Nikimsalimia asubuhi, "Kwawuka, Mama," anaitikia akitazama moto. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kupitia ukuta nilimsikia Shangazi Wakesho akimwambia, "Mrudishe kwao kabla hajamaliza ukoo," na safari hii mama hakusema hata "tutaona." Nilikuwa naomba Mungu anitukane, aseme chochote, anipige hata mwiko. Nililia sana kwenye kile kitanda kifupi, na nilipolia nilimwona baba akilini mwangu akivaa kofia yake na kutoka nje.

Na mvua ya masika mwaka ule haikuwa na adabu. Ilinyesha kana kwamba imelipwa. Rubabu zikaanza kugeuka manjano. Mama mkwe akaongeza samadi, zikazidi. Akazifunika kwa majani ya migomba, zikazidi. Nilimwona kutoka jikoni amesimama katikati ya mashina yake sita, mvua inamchuruzika usoni, hajui afanye nini. Angekiri vipi kwamba hajui? Hakumwuliza mtu, kwa sababu miaka yote hakumfundisha mtu. Nikaingia uani alipoondoka, nikachimbua kidogo kwa kidole karibu na shina moja. Mzizi ulikuwa laini, wa rangi ya kahawia, unanuka. Na shimo lile dogo la kidole likajaa maji hapo hapo.

Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, kwa sababu hilo nalijua. Nimelelewa na mtu wa maji. Watu wanadhani kazi ya genge la reli ni kupiga misumari. Kazi ya genge la reli ni kuyaambia maji yaende wapi. Baba alinibeba mabegani nikiwa mdogo akinionyesha: hapa mtaro, hapa kokoto, hapa tuta limeinuliwa, maji yakikaa chini ya reli siku mbili, treni inaanguka. Alikuwa akiyasema hayo kwa ukali, na hakuna bosi hata mmoja aliyewahi kumwambia asante. Ua wa mama mkwe ulikuwa bonde. Maji ya mteremko mzima yaliingia mle na hayakuwa na pa kutokea, na yeye alikuwa anaongeza samadi yenye unyevu juu ya mizizi iliyokwisha kuzama.

Sikuomba ruhusa. Nani angenipa? Siku ya mkutano wake wa kanisa nilichukua jembe na sururu, nikang'oa mashina yote sita, nikayalaza kwenye magunia chini ya ukingo wa paa. Mawili yalikuwa yameoza hadi ndani. Manne nikayakwangua kwa kisu, nikaondoa kila palipolainika, nikapaka jivu kwenye vidonda. Nikachimba mtaro upande wa juu wa ua kuzuia maji ya mlimani, na mwingine wa kuyatoa. Nikavunja mawe ya njiani kwa nyundo, nikayamwaga chini kama kokoto, nikainua tuta juu yake. Viganja vikapasuka, damu ikatoka. Mikono laini, eti! Nilikuwa ndani ya mtaro hadi magotini mama mkwe alipotokea kwenye kona ya jiko.

Alitazama ua mtupu. Alitazama rubabu zake zimelala chini zimekatwakatwa. Kitabu chake cha nyimbo kikaanguka matopeni.

"Umezing'oa," akasema.

"Ndiyo, Mama. Zilikuwa zinakufa kwa maji. Acha jivu likauke siku mbili, nizirudishe juu ya tuta. Zikifa, nitachukua begi langu mwenyewe. Hutahitaji kunifukuza."

"Kwanza ulitaka kuniulia wifi zangu!" Akapaza sauti, sauti ambayo sikujua anayo. "Sasa unaua rubabu zangu! Wewe umetumwa? Nani alikwambia uziguse?"

"Na nani aliniambia nisipike majani?" Nami nikapaza, nikasahau adabu zote. "Umenionyesha kuvuta, umenionyesha kupalilia, jambo moja lenye sumu ukanificha! Kwa nini, Mama?"

Akaokota kitabu chake, akakipangusa kwa kanga, akaingia ndani. Nikamalizia mtaro.

Asubuhi yake alinikuta jikoni, yeye ana kikombe mkononi. Wadawida wana jambo wanaloliita kutasa. Mkubwa wa nyumba akishika hasira moyoni, hata akinyamaza nayo, huaminika kwamba inawadhuru watu wa nyumbani na mimea yao. Anapaswa kuitoa: anatia mdomoni maji ya miwa au pombe yake, anayanyunyiza nje, na anasema maneno ya heri. Mama mkwe alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na mambo hayo alikuwa ameyaacha zamani. Lakini alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye magunia.

"Miwa sina, pombe sitaki," akasema. "Nimechemsha rubabu. Mungu anajua ninachomaanisha."

Akapiga funda, akanyunyiza, pu, juu ya mizizi iliyolala, na funda jingine miguuni pangu. "Kama nimemshikia mtoto huyu hasira, itoke, iende na ukungu," akasema. "Sikumwambia kuhusu majani kwa sababu nilitaka nizijue peke yangu. Watu wakinisifu, nisifiwe peke yangu. Kosa ni langu. Nyumba hii ipone, na yeye apone." Kisha akafuta mdomo, akaniuliza, kana kwamba tumepanda vitu pamoja maisha yetu yote: "Macho ya shina yanatazama juu au chini?"

"Juu, Mama. Na yasifunikwe sana."

Tukazipanda siku iliyofuata. Yale mashina manne niliyagawanya, kila kipande na jicho lake la kuchipua, yakawa tisa. Kwa wiki tatu hapakuonekana kitu, na kila asubuhi mimi na yeye tulichungulia tuta kabla ya chai. Halafu asubuhi moja aliniita kwa sauti ya juu hadi mbwa wakabweka. Vichipukizi vyekundu vilikuwa vimetokeza, vimekunjwa kama ngumi za mtoto mchanga. Vilikuwa saba siku hiyo, na kufikia Jumapili vikawa tisa. Aliketi kwenye jiwe akacheka. Shangazi Wakesho alipokuja kuota moto wiki ile, nilisikia kupitia ukuta mama mkwe akimwambia, "Jitayarishe. Tunakwenda kwao."

Walishuka Voi wanane, siku ya joto kali, mashangazi wote wawili wakiwemo, wamevaa masweta yao ya milimani na wanajifuta jasho. Kwota yetu ilikuwa vyumba viwili. Wanaume walijazana sebuleni magoti yakigusana, wageni wa kike wameketi nyuma yao, na mimi nilikuwa jikoni na mama yangu, mlango umeachwa wazi kidogo. Baba alikuwa amevaa koti la kuazima lililombana kwapani. Baba mdogo wa Mwadime alizungumza kwa muda mrefu sana, kuhusu ukoo wao, kuhusu mlima, kuhusu msichana waliyemwona na wakampenda, maneno yote ambayo huzungumzwa mahali kama hapo. Baba akawa anaitikia kwa heshima, mikono mikubwa imewekwa juu ya magoti, hajui aiweke wapi kwingine.

Ndipo nikasikia kiti kikivutwa, na sauti ya mama mkwe. Wanawake hawakutarajiwa kusema pale. 

"Samahani, shemeji, umesema vizuri, lakini hukusema kilichonileta," akasema. "Mimi sikuja kumwona msichana. Huyo nimekaa naye mwaka mzima, ni wangu. Mimea yangu ilikuwa inakufa mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyedhani naijua. Yeye akaichimbia mtaro, akaiwekea mawe, ikaishi. Nikamwuliza, nani alikufundisha maji? Akaniambia, baba. Nimeteremka mlima huu kumwona huyo baba."

Mama yangu alinishika mkono kwa nguvu. Maisha yote ya baba, watu walikuwa wamemfuata ili kumwita kazini, kumfokea, au kumwuliza kwa nini treni imechelewa.

"Mama," baba akasema, "hebu rudia."

Kisha nikamwona akiinuka katika lile koti lake la kubana, akafungua dirisha la upande wa majirani, mabawa yote mawili. "Rudia, tafadhali," akasema. "Hawa hawajasikia."

Mama mkwe akainuka, akawapita wanaume wote, akasimama kando yake dirishani, na akarudia yote kwa sauti ya juu, neno kwa neno.